Bibi Ati wa Karakana ya Bati

Nyumbani kwa fundi bati watu hawakuzungumza, walipiga kelele. Asubuhi, kabla chai haijachemka, fundi alianza kuuliza ziko wapi ndala zake kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, na binti yake akamjibu kwa sauti hiyo hiyo kwamba baba mwenyewe amezivaa. Majirani walikuwa wamekwisha kuzoea. Mgeni ndiye aliyesimama nje ya ukuta, roho juu, akidhani kuna ugomvi wa kuamuliwa, kumbe mle ndani watu wanaombana sukari.

Mtu mmoja tu katika nyumba ile alikuwa na sauti ya kawaida, naye ni mama. Kutwa alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za watu, na kule hakuna anayemvumilia mpiga kelele. Basi nyumbani kwake upole huo ukawa kosa. "Sema, mke wangu, usinung'unike!" fundi alimwambia kila siku. "Maneno unayameza mwenyewe, sisi tubaki na nini?"

Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba, kipenu cha mabati chenye kuta tatu. Hapo fundi alikata bati, akalikunja juu ya kipande cha reli, akaligonga mpaka likawa ndoo, beseni au sanduku la mwanafunzi wa bweni. Binti yake wa miaka kumi na mitatu alimsaidia tangu mkono wake ulipoweza kushika nyundo. Alipinda mishikio ya ndoo na kulaza kingo za bati ili zisimkate mteja. Kila akitoka shule, na Jumamosi kutwa, ilikuwa kang'a, kang'a, baba upande huu na yeye upande ule, na bati halina huruma kwa sikio la mtu. Jioni nyundo ziliponyamaza, masikio yake yaliendelea kulia ngiii. Hakushtuka. Alidhani masikio ya kila mtu hulia jioni, kama miguu ya kila mtu inavyochoka.

Shuleni walimwita Bibi Ati. Ukimsemesha, jibu la kwanza lilikuwa "Ati?" na la pili lilikuwa "Ati?" vilevile, mpaka ukate tamaa uende zako. Mwalimu wao wa darasa alikuwa na tabia ya kufundisha huku ameugeukia ubao, darasa amelipa mgongo, na maneno yake mengi yaliishia kwenye chaki. Siku moja ya imla Bibi Ati alinakili kazi ya jirani yake, akanakili hadi neno ambalo jirani alikuwa amelikata. Mwalimu alimsimamisha mbele ya wenzake.

"Akili unayo," alisema, safari hii akimtazama usoni, kwa hiyo kila neno lilifika. "Lakini husikilizi. Muhula huu ukiisha hujabadilika, utarudia darasa."

Basi akaamua kubadilika. Kwa mambo ya kubadilika alikuwa mtoto wa baba yake hasa. Fundi alikuwa mtu wa "Kuanzia leo!" Kuanzia leo hakuna kula umesimama. Kuanzia leo kila nyundo na msumari wake ukutani. Kuanzia leo tunaamka na jogoo. Matangazo hayo hayakuwahi kuifikia Alhamisi. Binti naye akajitangazia ya kwake. Ataamka alfajiri asome. Ataacha kuruka kamba. Na kubwa kuliko yote, hatakaa tena na rafiki yake wa dawati moja, msichana mwenye domo lisilopumzika, maana bila shaka ndiye anayemharibia masomo.

Lo, hapo ndipo alipojimaliza mwenyewe! Lile domo ndilo lililokuwa likimrudishia kila neno la mwalimu. "Anasema tufungue ukurasa unaofuata. Anasema tusichore, tuandike tu. Wewe, unaitwa, simama." Alipohamia dawati la nyuma, peke yake, alikaa kama mtu aliyefungiwa nyuma ya kioo: midomo anaiona, sauti haiji. Alama zikaporomoka zaidi. Naye badala ya kujiuliza kinachomsumbua ni nini hasa, akaongeza bidii. Akaamka mapema zaidi, akasinzia darasani, akaadhibiwa kwa kusinzia.

Ukweli aliujua, na hilo lazima lisemwe. Mvua ilipopiga paa la bati, aliisikia akiwa amelala ubavu wa kushoto. Akigeuka na kulalia sikio la kulia, mvua ilikatika kama bomba lililofungwa. Alijaribu hivyo siku moja tu, akaogopa sana. Tangu hapo akawa analala ubavu wa kushoto siku zote, ili asikijue kile alichokwisha kukijua.

Tena hofu yake ilikuwa na sababu. Kijana mmoja kiziwi aliwahi kuja kuomba kazi pale karakanani, akakaa wiki chache. Alipoondoka, fundi alitikisa kichwa akasema, "Maskini. Asiyesikia anafuata nini darasani? Huyo ni wa nyundo tu mpaka kufa." Alisema kwa huruma, si kwa ubaya. Lakini binti yake aliyachukua maneno yale akayaweka moyoni. Shule ilikuwa njia pekee aliyoiona ya kutoka chini ya kipenu kile. Ikijulikana hasikii, ataachishwa apewe nyundo moja kwa moja. Bora aitwe mvivu. Bora aitwe hata mjeuri.

Sasa tuje kwenye Jumamosi ile.

Fundi alikuwa na oda ya ndoo za dukani na mwenye duka alikuwa anazisubiri. Mama alikwenda kazini mapema. Kabla ya kutoka alimshika binti yake kidevu ili watazamane, maana siku za karibuni alikuwa ameanza kufanya hivyo bila kueleza kwa nini. "Mwangalie mdogo wako, mama," alimwambia. "Usimwache hata kidogo."

Mdogo wake alikuwa mvulana wa miaka mitatu, na jina lake la nyumbani lilikuwa Mkia kwa sababu popote dada alipokwenda alikuwa nyuma yake. Binti alimketisha mkekani kwenye kivuli na vifuniko vya makopo vya kuchezea, kisha akashika kazi. Mwanzoni aliinua kichwa kila alipomaliza mshikio mmoja. Halafu baba akamwonyesha kwa mkono aongeze mwendo, naye akainama. Nyundo mbili zikalia pamoja, rundo la mishikio likakua, na kichwa hakikuinuka tena.

Masanduku ya kuuza yalipangwa mbele ya nyumba, kando ya barabara, juani, ili wapita njia wayaone. Mkia alichoka na vifuniko, akaizunguka nyumba, akaingia ndani ya sanduku kubwa kuliko yote. Pengine alitaka dada aje amtafute. Kifuniko kilimwangukia, na komeo la nje likajipachika lenyewe.

Alilia, alipiga bati kwa viganja na kwa miguu. Na hapa ndipo penye uchungu wa kisa hiki. Katika nyumba nyingine yoyote, kishindo kile cha bati kingewatoa watu mbio. Katika nyumba ile, bati kulia ndiyo kazi yenyewe. Hata wapita njia waliosikia walijua tu kwamba fundi hana mchezo leo.

Aliyemwokoa ni mama muuza maji, aliyekuja na mkokoteni wake wa madumu. Alipoinama kushusha dumu karibu na masanduku alisikia kitu kinakwaruza, kidogo kidogo, kama kuku. Akafungua. Akaita, "Fundi! Fundi we! Jamani!" mpaka sauti ikamkauka, na kule nyuma nyundo hazikukosa hata pigo moja. Ikabidi amnyanyue mtoto na kwenda kusimama naye katikati yao. Ndipo wote wawili wakainua vichwa.

Mkia alikuwa amelegea kama nguo iliyolowa. Midomo ilikuwa imepasuka, ngozi inawaka moto, kucha zimetoka damu. Fundi alitupa nyundo, akampokea, akakimbia naye mpaka zahanati bila kuvaa hata viatu. Binti alimfuata nyuma, akilia kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia.

Tabibu wa zahanati alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni. Alimvua mtoto nguo, akamfunika kwa shuka zilizoloweshwa, akatafuta mshipa wa dripu. Fundi alipomweleza habari ya sanduku, alimtazama usoni akauliza, "Amekaa humo muda gani?"

"Kidogo tu, daktari!" fundi alinguruma mpaka wagonjwa wakageuka. "Dakika chache! Mimi sikuwepo, nilikwenda dukani kununua ribiti za kufungia mishikio. Na dada yake alikuwa ndani anaosha vyombo. Tungekuwepo si tungesikia?"

Binti alimtazama baba yake. Baba hakuwa amekwenda dukani wala popote. Aliona jasho kwenye paji lake la uso, aliona macho yanavyokwepa, na akaitambua hofu ile mara moja kwa sababu ilikuwa yake. Kumbe baba naye anajua. Kumbe katika nyumba ile kila mtu alikuwa amelalia sikio lake.

"Ni kweli?" tabibu akamgeukia yeye.

"Kweli," alisema. "Nilikuwa naosha vyombo." Uongo ulitoka laini, bila hata kukwama.

Tabibu aliinama tena kwa mtoto na kuendelea kusema. Binti alipata vipande tu: figo, hospitali kubwa, gari. Siku nyingine yoyote angeitikia kwa kichwa kama alivyozoea na kuomba Mungu asiulizwe. Lakini aliyelala pale ni Mkia.

"Ati?" alisema.

Tabibu aliinua uso. "Nasema hivi, mwanangu. Kama ni dakika chache, nampoza hapa hapa na jioni mnarudi naye nyumbani. Kama alikaa muda mrefu, joto limeshaingia kwenye figo na mimi hapa sina vifaa. Gari la wagonjwa linaondoka sasa na mgonjwa mwingine kwenda hospitali kubwa. Nataka kujua, aende nalo au abaki?"

Akisema, basi shule imekwisha, nyundo inamngoja. Asiposema, gari linaondoka. Alikitazama kile kidole kidogo chenye damu kilichotokeza kwenye shuka, akapiga moyo konde.

"Nilikuwepo, daktari," alisema. "Baba pia alikuwepo, hakwenda dukani. Mara ya mwisho kumwona Mkia nilikuwa naanza mishikio ya ndoo, mama ametoka sasa hivi tu. Alipoletwa, rundo lote lilikuwa limekwisha. Ni asubuhi nzima. Alilia, alipiga sanduku, na sisi tuko nyuma ya nyumba. Hatukusikia. Sikio langu la kushoto halisikii kitu, na la kulia linasikia nusu. Nilijua siku nyingi, nikaficha." Akakishika kile kidole. "Na baba hasikii vilevile."

Fundi alikuwa amesimama nyuma yake. "Anasema nini?" alimuuliza tabibu. Hakuwa amepata hata neno moja.

Tabibu alimtazama, na hakucheka wala hakukaripia. Alikwenda mlangoni akampungia dereva asiondoke.

Siku zilizofuata katika hospitali kubwa zilikuwa mbaya. Mkojo wa Mkia ulitoka mweusi kama chai ya rangi, mwili ukavimba, na madaktari walizungumza karibu na kitanda kwa nyuso ambazo hazikuhitaji masikio. Mama alikuja na povu la sabuni limemkaukia mikononi. Hakumgombeza mtu. "Mimi niliona masikio yanavyowapotea," alisema tu, akiwatazama mmoja mmoja ili wamwelewe, "nikasema kesho nitasema. Kesho, kesho." Kisha akakaa sakafuni kando ya kitanda, na kumwona vile kulimuumiza binti kuliko kuchapwa.

Baada ya siku kadhaa mkojo ulianza kusafika. Daktari aliwaambia kwamba Mkia angeletwa jioni ile badala ya mchana, figo zisingerudi. Kwamba atapona hakuwa na shaka sasa, ila kliniki atakwenda miezi mingi, na kwenye giza alilia hata akishikwa mkono.

Katika hospitali hiyo hiyo palikuwa na chumba cha kupima masikio, na mama ndiye aliyewapeleka wote wawili. Binti alivishwa vifaa masikioni na kuambiwa ainue mkono kila akisikia mlio. Aliinua, akatulia muda mrefu, akainua tena. Ilipofika zamu ya baba, fundi alikaa wima, makini kabisa, mkono uko tayari gotini, akisubiri kipimo kianze. Alisubiri hivyo mpaka mpimaji akamvua vifaa na kumwandikia kwenye karatasi kwamba kimekwisha.

Mpimaji hakuwaficha. Nyundo na bati ndizo zilizowaharibu, na kilichokwisha kuondoka hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa. Binti asiguse tena nyundo ya bati. Fundi asifanye kazi bila vizuia kelele masikioni, na atafutiwe kifaa cha kumsaidia kusikia. Fundi aliyasoma majibu yale kwenye midomo ya mpimaji, akashukuru, akatoka nje taratibu kama mzee.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini, nje ya wodi ya watoto. Fundi alimwinamia binti yake akitaka kumnong'oneza. Maskini, hakujua tena mnong'ono ni upi. Ukumbi mzima ulisikia.

"Binti yangu," alisema, "mteja akiniletea ndoo inayovuja, nafanya nini kwanza?"

"Unaijaza maji."

"Naijaza maji, nione yanatokea wapi. Sianzi na rangi, sibadilishi mshikio. Ningefanya hivyo ungenicheka. Lakini maisha yangu mwenyewe nimeyapaka rangi miaka yote. Leo nabadilisha saa ya kuamka, kesho nabadilisha pa kutundikia nyundo, nikigombana na mama yako kwamba ananung'unika. Kila kitu nilikigusa isipokuwa penye tundu. Niliogopa kupatazama, na wewe ukajifunza kwangu kuogopa. Mtu hawezi kujirekebisha kama hajakubali kwanza yukoje leo, hata kama hivyo alivyo ni aibu. Tumechelewa kukubali, na Mkia ndiye aliyeumia."

Mwanamke mmoja upande wa pili aliacha kunyonyesha akawa anasikiliza. Wahudumu wawili walisimama na kitoroli chao. Binti aliona macho yote yale, na kwa mara ya kwanza hakumfanyia baba ishara ya kupunguza sauti.

"Kuna neno nilisema juu ya yule kijana kiziwi," fundi aliendelea. "Ulilisikia?"

"Nililisikia, baba."

"Lo! Katika maneno yote ya kusikia!" Fundi alijifuta uso kwa kiganja kilichojaa makovu ya bati. "Lilikuwa la kijinga. Shule huachi. Nitakwenda nawe mwenyewe kwa mwalimu. Tutamwambia kwanza unasikia nini na husikii nini, yote, bila kuficha. Ndipo tutamuuliza ukae dawati lipi, na yeye ageukie wapi akifundisha."

"Na yule rafiki yangu," binti alisema. "Nataka kurudi kukaa naye."

"Ati?"

Alimgeukia vizuri, akamwonyesha mdomo wake, akarudia pole pole. Baba akaitikia kwa kichwa.

Walikuwa bado wanatazamana hivyo pale yule mama mnyonyeshaji alipoinuka, akaja kumgusa fundi begani. Alielekeza kidole kwenye mlango wa wodi.

"Mtoto wenu anaita," alisema. "Anaita 'dada, dada' muda mrefu sasa."

Binti aliruka kutoka kwenye benchi. Fundi naye alisimama, akamtazama yule mama machoni, na watu wote ukumbini wakamsikia.

"Hatukusikia," alisema. "Mimi na binti yangu hatusikii vizuri. Ahsante kwa kutuambia."

Wakaingia ndani.